Rovu, sukari na CT-Scan ya shingo: uchambuzi wa kisa kimoja mjini Moshi

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja mjini Moshi. Umri kamili wa mgonjwa, kijiji chake, tarehe na majina ya waliomhudumia vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike. Yeye na binti yake wamekubali kiandikwe. Nafanya kazi katika idara ya mionzi, na nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu maswali yote ambayo wagonjwa hutuuliza kuhusu CT-Scan ya shingo. Kinabeba pia jambo moja ambalo hawatuulizi, nalo ndilo lingemdhuru mama huyu: dawa ya kontrasti inayochomwa mshipani wakati wa kipimo imejaa madini joto (iodini), na thairoidi (tezi ya shingoni inayotengeneza homoni) iliyougua haiyapokei madini hayo kama inavyoyapokea thairoidi nzima.

Usuli

Mama huyu ana miaka sitini na kitu, mjane, mkulima wa migombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Rovu, yaani uvimbe wa thairoidi, alianza kuliona akiwa msichana anayekaribia kuolewa, wala hakulishangaa. Mama yake alikuwa nalo, na shangazi yake pia. Kizazi chake kilikua kabla chumvi yenye madini joto haijaenea madukani. Udongo wa milimani huoshwa na mvua mwaka hadi mwaka, madini joto yake huwa haba, na mazao yanayoota humo huyakosa vilevile. Thairoidi isiyopata malighafi hiyo huvimba ikihangaika kutengeneza homoni. Kuanzia miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwekwe madini hayo. Watoto wa leo wengi wamenusurika. Wazee wao wamebaki na mavimbe yaleyale ya ujana, na ndani ya rovu la miaka mingi huweza kuota vinundu vinavyotengeneza homoni vyenyewe, bila kusubiri amri ya mwili. Vinundu vya namna hiyo vikipata madini joto mengi kwa mkupuo, vinaweza kumwaga homoni kupita kiasi.

Mbali na rovu, mama alikuwa na kisukari na presha. Kwa sukari alimeza metformini na glibenklamidi, kwa presha amlodipini. Kliniki hakukosa.

Katika mwaka mmoja kabla ya kipimo alikuwa amepungua hadi kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Mikono ilitetemeka. Mwezi wa saba, wakati huko juu watu wanajifunika mablanketi mawili, yeye alilala na dirisha wazi. Kila dalili ilikuwa imeshapewa maelezo yake: kukonda ni sukari, moyo ni ile amlodipini, mikono ni uzee, joto ni mambo ya wanawake wa umri wake. Hakuna aliyezikusanya zote nne mahali pamoja.

Zilizompeleka hospitali ni dalili nyingine. Alikohoa akilala chali. Usiku pumzi ilitoa mlio uliowaamsha wajukuu chumba cha pili. Chakula kilianza kukwama, hata mtori ukawa unapita kwa shida. Kituo cha afya kilimpa dawa za kikohozi mara mbili, kikapima makohozi kutafuta kifua kikuu, hayakuonyesha kitu. Binti yake anayeishi mjini ndiye aliyemteremsha hadi hospitali.

Hapo alifanyiwa altrasaundi kwanza, na huo ndio mpangilio sahihi. Kwa thairoidi, altrasaundi hutangulia: haina mionzi, bei yake ni nafuu, na huonyesha vinundu vizuri kuliko CT-Scan. Lakini mawimbi yake hayapenyi mfupa wala hewa. Mpimaji aliona rovu kubwa lenye vinundu vingi, akaandika kwamba ncha yake ya chini haionekani kwa sababu imeingia nyuma ya mfupa wa kidari. Daktari wa upasuaji alitaka kujua limeshuka hadi wapi na limebana bomba la hewa kiasi gani, na hilo ndilo swali linalohitaji CT-Scan. Kwenye fomu ya kuomba kipimo, hata hivyo, aliandika tu: uvimbe wa shingo, CT shingo na kifua cha juu, kwa kontrasti. Hakuna sukari, hakuna dawa anazotumia, hakuna kipimo cha figo, hakuna kipimo cha homoni.

Kilichotokea siku ya kipimo

Aliambiwa aje bila kula kitu. Hakuelezwa aanze kufunga saa ngapi wala afanyeje na dawa zake. Akala chakula cha usiku saa moja. Saa kumi na moja alfajiri akameza vidonge vyote kwa maji kidogo, kwa kuwa kliniki ya sukari ilimfundisha miaka yote kwamba dawa haziachwi, akapanda daladala ya kwanza kushuka mjini. Saa mbili alikuwa mapokezi. Ikaja foleni, dirisha la malipo, majeruhi wa bodaboda waliotangulizwa kwa haki kabisa. Alipoitwa ilikuwa karibu saa tano.

Mteknolojia wa mionzi aliyekuwa zamu alimwamkia, akaitikiwa, akaanza maswali.

“Mama, una tatizo lolote la figo?”

“Hapana, mwanangu.”

“Kuna dawa iliyowahi kukudhuru, ukavimba au kuwashwa?”

“Hapana.”

“Una ugonjwa mwingine wowote?”

“Hapana, namshukuru Mungu.”

Mama hakudanganya. Kwa mtu wa rika lake, kuulizwa na kijana asiyemjua kama ana ugonjwa, mbele ya foleni, jibu la heshima ni kumshukuru Mungu. Tena sukari na presha zilizotulia kwa dawa kwake hazikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kile kilichomleta.

Mteknolojia alikuwa akimwangalia huku anaandika. Aliona jasho kwenye paji la uso, na chumba chetu kina kiyoyozi. Akabadilisha swali: “Mama, asubuhi ya leo umemeza dawa gani?” Mama akamgeukia binti, binti akafungua mkoba, karatasi tatu za vidonge zikatoka.

Sukari ilipimwa palepale kwa tone la damu: 3.1. Imeshuka. Glibenklamidi husukuma kongosho litoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala, na huyu alikuwa na zaidi ya saa kumi na tano bila chakula. Akapewa maji yenye sukari, akakalishwa. Baada ya dakika ishirini sukari ilikuwa 6.2 na jasho limekauka.

Wengi wangeridhika hapo na kumpandisha mezani, kwa sababu kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dalili za sukari kushuka na sukari sasa ilikuwa imepanda. Mteknolojia alihesabu tena mapigo ya moyo: 116. Akamwomba mama anyooshe mikono mbele, akailaza karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka. Akasimamisha maandalizi, akampigia daktari bingwa wa radiolojia.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutochoma kontrasti siku ile. Daktari alimwuliza mama kuhusu joto, uzito na moyo, akalishika rovu, akasema mama huyu huenda ana homoni za thairoidi zilizozidi, na bila kipimo cha damu hathubutu.

Kontrasti ya CT-Scan hutengenezwa kwa madini joto kwa sababu madini hayo huzuia eksirei, na hivyo mishipa ya damu na uvimbe vikang'aa kwenye picha. Chupa ya mililita 100 ina takriban gramu 30 za madini joto. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 150. Sehemu kubwa ya madini hayo imefungwa ndani ya dawa na hutoka na mkojo, lakini hata kile kidogo kinachobaki huru huzidi mahitaji ya siku nyingi. Thairoidi nzima hujifunga kwa muda, ikasubiri mzigo upite. Rovu la vinundu linaweza kushindwa kujifunga. Miongozo ya Ulaya kuhusu kontrasti inasema wazi kwamba mgonjwa ambaye homoni zake tayari zimezidi asipewe kontrasti yenye madini joto, na inawataja wazee wenye rovu la vinundu, hasa wa maeneo yaliyokosa madini joto, kuwa watu wa kuangaliwa. Hao ndio wagonjwa wetu wa kila siku. Na madhara yenyewe hayaonekani pale kwenye mashine. Hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa kwake migombani: moyo unapoteza mpangilio, anakonda, anakosa usingizi. Nani atakumbuka kuyahusisha na sindano ya mwezi uliopita?

Kulikuwa na sababu ya pili. Kinundu kimoja kwenye altrasaundi kilitiliwa shaka. Ingekuwa saratani ya thairoidi, huenda baadaye angehitaji tiba ya iodini yenye mionzi, ambayo hufanya kazi kwa kunyonywa na chembe za thairoidi. Thairoidi iliyokwisha kushiba madini joto ya kontrasti hainyonyi, na tiba hiyo hulazimika kusubiri takriban miezi miwili.

Daktari wa upasuaji alipopigiwa simu hakufurahi. Alitaka mishipa mikubwa ya damu ionekane jinsi ilivyokaa karibu na rovu, na hoja yake ilikuwa na uzito. Wakaongea kama dakika tano. Walichokubaliana ni kwamba maswali mawili makubwa, rovu limeshuka hadi wapi na bomba la hewa limebanwa kiasi gani, hujibiwa vizuri bila kontrasti. Hewa ni nyeusi kwenye picha na thairoidi huwa nyeupe kidogo yenyewe, kwa hiyo mpaka wao husomeka. Mishipa ikiendelea kuhitajika, kontrasti itachomwa baadaye homoni zikishatulia.

Uamuzi wa pili, kwa hiyo, ulikuwa kufanya kipimo siku ileile bila kontrasti. Ingekuwa rahisi kumwambia mama arudi wiki ijayo na majibu ya damu. Lakini mtu ambaye pumzi yake inalia usiku harudishwi nyumbani kabla ya kujua bomba la hewa limebaki na upana gani. Damu ilichukuliwa wakati huohuo ya kupima homoni za thairoidi, kreatinini (kipimo cha figo) na TSH, amri ya ubongo kwa thairoidi, ambayo hushuka homoni zikizidi.

Uamuzi wa tatu ulihusu mlalo, na naona mlalo ndio uliokuwa hatari kubwa kuliko zote siku ile. CT-Scan ya shingo hufanywa mgonjwa akiwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo, mikono chini, mabega yamevutwa kuelekea miguuni ili mifupa yake isiharibu picha za shingo ya chini. Mama alipolazwa hivyo, mlio wa pumzi ulianza ndani ya nusu dakika. Akainuliwa mara moja. Wakamwekea mito chini ya mgongo na mabega hadi akapata kiwango anachoweza kukivumilia, wakamfanyisha mazoezi mara mbili: kupumua taratibu, kutomeza mate, kutoongea. Muuguzi alivaa aproni ya madini ya risasi akabaki naye ndani, oksijeni ikiwa tayari. Hereni, mkufu, vibanio vya nywele na meno ya bandia vilishavuliwa, kwa sababu chuma hutawanya michirizi kwenye picha na kuficha kilicho jirani yake. Mashine yenyewe ilizunguka kwa muda usiofika sekunde kumi. Ndipo mama akauliza kama wataanza sasa hivi.

Binti alitaka abaki ndani na mama yake. Hakuruhusiwa, kwa kuwa alikuwa mjamzito na kulikuwa na mtu mwingine wa kusimama pale. Alisubiri nje pamoja nasi.

Matokeo

Picha zilionyesha rovu lililoshuka sentimita 4 nyuma ya mfupa wa kidari. Bomba la hewa lilisukumwa kulia, na penye wembamba zaidi lilikuwa na upana wa milimita 6. Kwa mwanamke mzima tunatarajia walau milimita 10. Majibu ya damu yalitoka siku iliyofuata. TSH ilikuwa chini ya 0.01, wakati kawaida huanzia karibu 0.4. Homoni zilikuwa juu. Figo zilikuwa na uwezo wa kuchuja wa 58, yaani zisingezuia kontrasti. Wasiwasi wa kweli wa figo huanza chini ya 30.

Alianzishiwa karbimazoli ya kupunguza homoni na dawa ya kutuliza moyo, akakaa kwa binti mjini ili awe karibu na hospitali pumzi ikibadilika. Kinundu chenye shaka kilivutwa chembe kwa sindano nyembamba, zikasomwa maabara, hazikuonyesha saratani. Baada ya wiki kadhaa moyo ulitulia na uzito ukaanza kurudi. Dawa za sukari zilipangwa upya, glibenklamidi ikaondolewa.

Upasuaji ulifanyika ukiwa umepangwa kutokana na zile picha. Daktari wa usingizi alizitazama mwenyewe kabla, akachagua mpira wa kupumulia mwembamba kuliko anaoutumia kawaida. Rovu lilitoka lote kwa kupitia shingoni, kidari hakikupasuliwa, na CT-Scan ya pili ya kontrasti haikuhitajika. Kinyama kilichopimwa baadaye kilikuwa hakina saratani. Sauti ilikwaruza kwa muda kisha ikarudi. Sasa anameza levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, kila asubuhi kabla ya kula, na ataimeza maisha yake yote.

Uchambuzi: kilichosaidia

Kilichomwokoa mama huyu ni kuulizwa kuhusu dawa badala ya ugonjwa. Naliweka mbele ya mashine, mbele ya maabara, mbele ya utaalamu wote uliofuata. Swali la “una ugonjwa gani” hujibiwa na tabia ya mtu na malezi yake. Swali la “umemeza nini leo” hujibiwa na mkoba. Mgonjwa yeyote anayesoma hapa anaweza kufanya jambo hilo bila kusubiri mteknolojia mwerevu: beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, uziweke mezani kabla hujaulizwa. Kisha taja mambo haya hata kama hakuna aliyeyauliza: rovu au ugonjwa wowote wa thairoidi, wako au wa ndugu wa karibu, sukari na dawa zake, figo, pumu, mimba au uwezekano wake, na kama uliwahi kuchomwa kontrasti ukapata vipele, uvimbe au kubanwa pumzi.

Kilichosaidia pili ni mteknolojia kutoridhika na maelezo ya kwanza. Sukari ilikuwa imeshuka kweli. Ilikuwa sababu halali ya kutetemeka, na nyuma yake kulikuwa na sababu nyingine halali. Wagonjwa wa umri huu mara nyingi hubeba zaidi ya ugonjwa mmoja, na dalili moja inaweza kuwa na wenyewe wawili.

Naheshimu pia yale mazungumzo ya simu kati ya madaktari wawili. Kulikuwa na njia fupi: kufuata fomu kama ilivyoandikwa. Fomu ni ombi. Anayepiga picha ana wajibu wa kuuliza swali la daktari ni lipi, kisha kuchagua kipimo kinacholijibu kwa madhara madogo kuliko yote.

Uchambuzi: kilichokwama

Maelekezo ya kufunga yalikuwa mabaya. Vitengo vingi huagiza mgonjwa wa kontrasti akae muda wa saa nne bila chakula, akiruhusiwa maji, na miongozo mipya ya kimataifa hailazimishi hata hizo nne kwa kontrasti za sasa. Kufunga usiku kucha hakuna faida yoyote, na kwa mtu wa glibenklamidi au insulini ni hatari ya wazi. Ukipewa tarehe ya kipimo na una sukari, usiondoke dirishani kabla hujajibiwa maswali mawili: nianze kufunga saa ngapi, na dawa yangu ya asubuhi niimeze au niiache? Omba pia nafasi ya mapema asubuhi. Ni haki ya msingi, na ukiomba kwa adabu hutapewa jina la msumbufu.

Kuhusu metformini kuna hofu iliyozidi kipimo. Wagonjwa wengi wamesikia kwamba kila anayeitumia lazima aiache kwa kontrasti. Ukweli ni kwamba mwenye figo zinazochuja vizuri anaweza kuendelea nayo. Hushauriwa kusimamishwa kwa saa 48 kwa mtu ambaye figo zimedhoofika sana, chini ya 30, au zimeharibika ghafla. Ndiyo maana kreatinini ya karibuni ni jambo la maana kwa mgonjwa wa sukari, na mama huyu alifika bila hiyo.

Fomu ilikuwa tupu mno. Sisemi hili kumlaumu daktari mwenye foleni ya wagonjwa hadi uani. Lakini sentensi moja, “rovu la vinundu, ana sukari, moyo unakwenda mbio”, ingefanya damu ipimwe siku tatu kabla na mama angekuja tayari. Fomu hiyo huwa mkononi mwako njia nzima kutoka kwa daktari hadi idara ya mionzi. Isome. Kama hujui kusoma mwandiko wake, mwombe muuguzi akusomee, uone kama ugonjwa wako umetajwa.

Familia haikuelezwa mapema kwa nini kontrasti haikuchomwa. Jioni ile kaka mkubwa wa binti alipiga simu kutoka Arusha akiwa na hasira: wamelipia kipimo kizima, mbona mama kafanyiwa nusu? Alikuwa na haki ya kuuliza. Tofauti ya malipo ilihamishiwa kwenye vipimo vya damu, lakini baada ya mabishano dirishani ambayo yasingekuwepo kama mtu angewaeleza kabla ya mama kushuka mezani. CT-Scan bila kontrasti ni kipimo kamili kwa baadhi ya maswali. Kwa mengine, kama jipu la ndani ya shingo au kutafuta mitoki yenye saratani, kontrasti huhitajika sana, na kuikataa kwa woga ni kujinyima jibu.

Ripoti nayo ilileta balaa lake. Kwa kuwa picha zilifika hadi kifua cha juu, zilionyesha makovu ya zamani kwenye ncha za mapafu. Ripoti iliyataja kwa Kiingereza, kama kawaida, na binti akaipiga picha akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mpwa mmoja akatafuta maneno yale kwenye intaneti, na kabla ya saa sita usiku ukoo mzima ulikuwa unaamini mama ana saratani iliyosambaa hadi mapafuni. Mchango ukaanza kupigwa. Mama mwenyewe aliambiwa asubuhi, na mjukuu. Ilibidi daktari wa radiolojia akae nao na kuwaonyesha picha moja baada ya nyingine: makovu ya namna hii huachwa mara nyingi na maambukizi yaliyokwisha kupona zamani. Kwa kuwa mama alikuwa anakohoa, makohozi yalipimwa tena kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta kifua kikuu, yakawa safi. CT-Scan huona vingi ambavyo hakuna aliyevitafuta, na vingi vyake havina madhara. Ripoti huandikwa kwa daktari aliyeomba kipimo. Ni mali yako, uisome, lakini usiisambaze kabla ya kukaa na yule anayejua swali lilikuwa nini.

Maswali ya binti

Tulipokuwa tunasubiri nje alituuliza mengi, na ninayaweka hapa kwa sababu karibu kila familia huyauliza.

Aliuliza kama mionzi itabaki mwilini mwa mama, na kama ni salama kwake mjamzito kulala naye chumba kimoja. Haibaki. Mashine ikizimwa mionzi imekwisha, na mama hampitishii mtu chochote. Kipimo cha shingo humpa mgonjwa mionzi ya takriban milisivati 3, wakati mtu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ni kiasi kidogo kisichopaswa kumzuia mwenye sababu, na si kidogo cha kuchezea bila sababu. Kwa mtoto na kijana tunakuwa wagumu zaidi, kwa kuwa thairoidi yao huathiriwa na mionzi kwa urahisi kuliko ya mtu mzima. Mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003, na mgonjwa anayetaka kujua kama mashine ina kibali anaruhusiwa kuuliza.

Aliuliza kontrasti inauma vipi. Wanaochomwa huhisi joto linalopita mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na wengi hudhani wamejikojolea, hawajajikojolea. Hupita ndani ya dakika moja au mbili. Ukiona sindano inavimbisha mkono au unawaka pale ilipochomwa, sema hapohapo, usivumilie. Mzio hutokea kwa watu wasiofika mmoja kati ya 100, na ule mkali sana ni kama wanne kati ya 10,000. Asiyekula samaki kwa sababu humdhuru hana katazo maalumu; hilo ni jambo la zamani lililobaki midomoni. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha baada ya kontrasti.

Aliuliza pia swali lililomwuma zaidi: je, CT-Scan itasema kama ni saratani? Haisemi. Inaonyesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, umegusa nini na kama mitoki ya jirani imekua. Kifua kikuu cha mitoki, lymfoma (saratani inayoanzia kwenye mitoki) na saratani iliyotoka kwingine vinaweza kufanana kwenye picha. Jibu hutolewa na sindano ya kuvuta chembe au kinyama, na mgonjwa anayeambiwa akachukuliwe kinyama baada ya CT-Scan asidhani kipimo cha kwanza kilishindwa.

Jambo la mwisho lililokwama lilikuwa diski. Binti alipewa ripoti ya karatasi, diski yenye picha ikabaki kwetu. Daktari wa usingizi hakutaka kusoma habari za bomba la hewa, alitaka kuliona, na alipozihitaji picha mwenyewe binti alilazimika kukatiza kazi, kurudi idarani na kungoja zitafutwe. Wapo wanaofika hospitali ya rufaa bila diski na kuishia kurudia kipimo kizima, mionzi na malipo juu. Unapochukua ripoti, dai na diski, andika juu yake jina na tarehe, uihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.